Kahawa ya Tatu

Mama mkwe mtarajiwa anapokuja kukuona kwa mara ya kwanza, kazi yako ni moja tu: kukaa. Ukae, utabasamu, uitikie, umwache akukague kuanzia kisigino cha soksi hadi utosini. Wanawake wote wa Konjic, mji wetu huku Bosnia, wanaiweza kazi hiyo, hata wale wasioweza kitu kingine chochote. Mimi ndiyo iliyonishinda.

Walifika Jumapili, saa tisa alasiri, theluji ikiwa imelundikana mpaka kizingitini. Mbele Bi Rasema, mama yake Rusmir, kavaa koti la manyoya linalotoka kabatini kwa harusi na mazishi tu. Nyuma yake mdogo wake, Munevera, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na kufuli. Na nyuma kabisa Rusmir wangu, kabeba boksi la lokumu, zile peremende laini za unga wa sukari, masikio mekundu kwa baridi. Mchonga mbao wa miaka thelathini na sita, mabega kama mlango, lakini mbele ya mama yake alisimama kama mwanafunzi aliyevunja kioo.

Kabla hawajabisha, mama yangu, Fahira, alinivuta jikoni.

"Umemeza vidonge vyako?"

"Nimemeza."

"Kahawa usinywe."

"Mama, kahawa nipike mimi, halafu nisinywe? Si watauliza!"

"Basi gusisha mdomo tu. Na lile jambo lako, Vildana, usilitaje. Leo si siku yake."

"Siku yake ni lini?"

Mama akafikiri. "Ukishazaa wa kwanza."

Lile jambo langu. Hata jina hatukulipa nyumbani kwetu. Daktari wa mjini Mostar ndiye aliyelipa jina: miguu isiyotulia. Nikiwa nimesimama, sina tatizo. Saluni nasimama kwa saa tisa nakata nywele za watu na siusikii mguu wowote. Nikikaa, hasa jua likianza kushuka, kitu kinaamka ndani. Si maumivu, si ganzi, si kuwashwa. Ni kama soda iliyotikiswa ndani ya mifupa, na kizibo hakifunguki mpaka nisimame nitembee. Kisha nikifanikiwa kulala, miguu inajirusha yenyewe, teke baada ya teke, nami sijui lolote. Damu yangu ina upungufu wa madini ya chuma, alisema daktari, akaniandikia vidonge, akaniambia nisiguse kahawa baada ya adhuhuri. Aniambie mtu wa Bosnia asiguse kahawa baada ya adhuhuri! Heri angeniambia nihame nchi.

Aliyehama nchi alikuwa mume wangu wa kwanza, Senad. Mwaka wa kwanza wa ndoa alicheka. "Nimeoa punda," aliwaambia rafiki zake. Mwaka wa pili akahamia kochini. Mwaka wa tatu akahamia Linz, kule Austria, na kabla hajapanda basi akauachia mji maneno: binti wa Fahira anapiga wanaume. Alikunja suruali pale mkahawani akawaonyesha michubuko. Ilikuwa michubuko ya kweli, hilo siwezi kukana. Niliifanya mimi, nikiwa usingizini.

Rusmir hakuwa anajua. Miezi minane tulipendana tukiwa tumesimama. Tulitembea kando ya mto Neretva, tukavuka daraja la mawe tukarudi, tukavuka tena. Sinema nilikataa. Kwenye basi la Sarajevo nilisimama mwendo wote nikisema naipenda mandhari. "Wewe huchoki?" alikuwa akinitania. "Mimi nilitafuta mke, nimepata askari wa doria." Nikacheka, na moyoni nikasema, siku atakapotaka nikae karibu naye tu, basi, nitafanyaje?

Siku yenyewe ndiyo hiyo ikawa imefika.

Kahawa ya kwanza niliimimina vizuri, povu juu, kipande cha sukari pembeni. Kwetu kahawa ya kwanza ni ya kumkaribisha mgeni, ya pili ni ya mazungumzo. Mtoto wa miaka sita analijua hilo.

"Una miaka mingapi, binti?" aliuliza Bi Rasema.

"Thelathini na tatu."

"Na yule wa kwanza, mlishindwana nini?"

"Tabia, Bi Rasema."

"Tabia ya nani?" alidakia Munevera.

"Mama mdogo!" Rusmir alimkata.

"Nauliza tu. Swali halina mwiba."

"Tabia zetu sote wawili," nilisema. Mama yangu akakohoa na kusukuma sahani ya lokumu.

Bi Rasema alikitazama kikombe changu. "Mbona hunywi?"

"Nakunywa."

"Hujagusa. Au mmetia kitu humu?" Munevera alicheka, lakini jicho lake halikucheka.

Nikanywa. Nikamaliza. Ningefanyaje? Niliinuka kuongeza kuni kwenye jiko, nikainuka kuleta maji, nikainuka kufunga pazia ambalo lilikuwa limefungwa. Nikapika kahawa ya pili na hiyo nayo nikainywa, kwa kuwa sasa Bi Rasema alikuwa ameanza kulegea. Alivua koti. Akanisifia vitambaa vya mezani. Akaanza kunisimulia jinsi Rusmir alivyochonga bata miguuni mwa meza ya sebuleni akiwa na miaka saba.

"Nilimchapa," alisema, "halafu nikakaa kuwatazama wale bata. Bata wazuri! Mpaka leo wapo. Utawaona."

Utawaona. Rusmir aliniangalia kutoka upande wa pili wa chumba, jicho lile lake la polepole, la mtu anayetazama ubao kabla ya kuukata, na kope zikashuka kidogo kama kusema, imekwisha, tumeshinda. Sijapata kumpenda mtu vile. Nilitamani dakika ile isimame.

Lakini nje kulikuwa kunaingia giza, saa kumi na robo ya Januari, na kahawa mbili zilikuwa zimeshafika magotini.

Nilikaza vidole kwenye zulia. Nikapandisha mguu mmoja juu ya mwingine, nikashusha. Nikajibana mapaja kwa viganja.

"Mimi si mwanamke wa maneno mengi," Bi Rasema alikuwa akisema, na akaufungua mkoba wake, mkono ukaingia ndani kutafuta kitu. "Sikupenda, nakwambia wazi. Mwanangu hajaoa, wewe umeshaolewa. Niliwaambia wote nyumbani kwamba sipendi. Lakini nimekaa hapa, nimeona, na nimeamua niseme..."

Yarabi, si sasa. Soda ilichemka toka kwenye nyayo mpaka kwenye nyonga. Nilihesabu moja, mbili, tatu. Nilidhani nitapiga kelele. Nikaruka.

"Ngoja, Bi Rasema, nilete kahawa nyingine!"

Na nikakimbilia jikoni.

Mle jikoni nilizunguka meza. Nilizunguka kama mtu aliyetoka kuzama, navuta pumzi, machozi ya nafuu yananitoka, na birika la shaba linachemka. Nilijisemea, mizunguko kumi tu, kisha urudi ukae, usikilize, useme asante, ubusu mkono wake. Nikamimina vikombe vitano, nikabeba sinia.

Nilipoingia sebuleni wote walilitazama sinia. Mama yangu kajiziba mdomo kwa kiganja. Munevera kainua nyusi mpaka kwenye kilemba. Bi Rasema alikuwa ameshaufunga mkoba, na mkono mmoja ulikuwa ndani ya koti.

Ndipo nilipoyatazama yaliyomo mikononi mwangu.

Kahawa ya kwanza ya kumkaribisha mgeni, ya pili ya mazungumzo. Ya tatu ni ya kumwambia aende. Hapigiwi kelele, haonyeshwi mlango. Analetewa kikombe, naye anaelewa.

"Asante, binti," alisema Bi Rasema. "Tumeelewa."

"Hapana, hapana, Bi Rasema, sikuwa..."

"Nimewahi kufukuzwa kwa mdomo," alisema, akifunga kifungo cha shingoni. "Nimewahi kufukuzwa kwa macho. Katikati ya sentensi, hiyo ndiyo mpya."

"Kiti chenyewe hakijapata joto!" Munevera akapaza sauti. "Ah! Na dada yangu alikuwa anataka kumpa..."

"Munevera. Viatu."

Rusmir alisimama mbele yangu. Akalipokea sinia, akaliweka mezani.

"Vildana. Sema ulisahau."

Nilimtazama. Neno lilikuwa mdomoni, neno moja, miguu. Ningelisema, mambo yangekwisha pale pale. Lakini nyuma ya bega lake nilimwona mama yangu akitikisa kichwa polepole, usiseme, na pembeni yake nikamwona Munevera, na nikausikia mji mzima saa mbili asubuhi kesho yake: kumbe yule wa Linz alisema kweli.

"Nilisahau," nilisema nikitazama chini.

"Umesahau kuhesabu mpaka tatu?" alisema Munevera.

Walipokwisha kutoka, Rusmir alibaki mlangoni.

"Kuna nini?"

"Hakuna."

"Hunitaki?"

"Rusmir, nakuomba, nenda."

"Miezi minane," alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza unanidanganya, na wala hujui kudanganya." Akavaa kofia yake akaondoka, na mimi nikabaki na vikombe vitano vilivyojaa.

Usiku ule sitausimulia sana, kwa maana hauna tofauti na usiku wangu mwingine wowote. Nilitembea ukumbini kutoka mlango wa bafu hadi mlango wa mama, hatua kumi na moja, nikageuka. Upweke wa njaa mtu atakupa mkate. Upweke wa kufiwa watu watakuja na pilau na dua. Huu wangu sijui auingie nani, saa ambayo kila mtu unayempenda amelala, na wewe unatembea kwa vidole usimwamshe. Kulipopambazuka nilikuwa nimeamua. Nimwambie, aniache kwa sababu ya kweli. Kuachwa kwa sababu ya uongo nimeona hakuna nafuu yoyote.

Jumatatu saluni hatufungui. Saa tano asubuhi nilisukuma mlango wa karakana yake. Harufu ya mbao ya mjozi, unga wa mbao kila mahali. Alikuwa anapiga randa, hakugeuka.

"Mama amesema jina lako lisitajwe mezani," alisema.

"Ni haki yake."

"Munevera ameshazunguka nyumba tatu. Mbili za kwanza alikunywa kahawa, ya tatu akaogopa." Nilijua anataka kucheka na hawezi. "Umekuja kunirudishia skafu niliyokupa?"

"Nimekuja kukwambia kitu. Usinikatize, nikikatizwa sitarudia."

Akaweka randa chini. Nikamwambia yote, nikitembea kutoka jiko la kuni hadi dirishani na kurudi. Soda na mifupa, Mostar na vidonge, basi la Sarajevo. Kwamba mama yake alipoufungua mkoba nilikuwa nasikiliza kila neno lake na nalipenda kila neno, na miguu ikanibeba kama si yangu. Nikamwambia na habari ya Senad na ile michubuko.

Nilipomaliza, Rusmir alikaa juu ya gogo, akajifuta uso kwa mkono, na akabaki na unga wa mbao usoni.

"Miguu," alisema.

"Miguu."

"Usiku kucha nimewaza kuna mwanamume mwingine. Nimempa mpaka sura! Mrefu, ana gari."

"Wanaume nimeshawamaliza, Rusmir. Umebaki wewe."

Akacheka. Nilisogea. Lakini nilikuwa nimeapa kusema yote.

"Bado hujasikia baya lenyewe. Nitakupiga mateke. Si mara moja moja. Kila nusu dakika, saa nzima, saa mbili. Vidonge vimepunguza, havijamaliza, na daktari hakuniahidi. Utaamka umechubuka na mimi nimelala kama malaika."

Nilingoja aseme lile wanalolisema. Senad alilisema, kwenye daraja, akinishika mashavu: hata ukinivunja mguu nitakupenda. Rusmir hakusema. Aliitazama mikono yake, akaigeuza viganja juu, akaigeuza tena.

"Nitatengeneza vitanda viwili," alisema hatimaye.

Nilihisi baridi imeingia toka mlangoni, na mlango ulikuwa umefungwa.

"Viwili."

"Vya mjozi. Vinafanana. Chumba kimoja."

"Senad naye alianza hivyo hivyo," nilisema, na sauti yangu sikuipenda. "Vitanda viwili, vyumba viwili, nchi mbili. Asante. Angalau wewe umeniambia kabla ya harusi." Nikachukua skafu yangu.

"Vildana, kaa."

"Siwezi kukaa! Hujasikia chochote?"

"Basi simama, lakini usitoke!" Hajawahi kunipandishia sauti. Alikuja akaninyooshea mkono wa kushoto mbele ya uso. Kidole cha kati kilikosa ncha. Nilikijua, nilikibusu mara nyingi, sikuwahi kuuliza. "Unajua hiki kilikwenda vipi? Tulimzika baba, sikulala siku mbili, ya tatu nikaja kazini. Sikusikia hata maumivu, nilikuwa nasinzia na patasi mkononi. Hii mikono ndiyo itakayotulisha. Nikikosa usingizi wiki nzima, nitakata kingine."

"Basi oa mwanamke anayelala."

"Sitaki anayelala, nakutaka wewe!" Akavuta pumzi. "Unataka nikuapie sitajali? Naweza. Ni rahisi, na ungefurahi sana leo. Lakini mwezi wa tatu nitajali. Nitaamka nimenuna, sitasema, na utaona. Halafu wewe utafanya nini? Nakujua. Utalala macho wazi pembeni yangu, umejibana ukingoni, ukihesabu, usije ukanigusa. Sasa humo ndani atakuwa amelala nani?"

Skafu ilinitoka mkononi. Mwaka mzima nilifanya hivyo kwa Senad, kabla hajahamia kochini. Nililala ukingoni kabisa, mguu mmoja nikiuning'iniza nje sakafuni, namlinda mtu usingizi wake dhidi yangu mwenyewe. Sikumwambia mama yangu, sikumwambia daktari. Hakuna mtu duniani aliyewahi kulifikiria hilo, na huyu kalifikiria akiwa na unga wa mbao kwenye kope.

Nililia basi. Nililia vibaya, na kamasi. Alinikumbatia tukiwa tumesimama, kama tulivyozoea.

"Nilitaka mtu wa kulala naye," nilimwambia kifuani. "Si jirani."

"Najua."

"Inauma, Rusmir."

"Inaniuma na mimi. Unadhani nilikuota miezi minane kwenye kitanda cha pili?"

Kuni zikapasuka ndani ya jiko la karakana.

"Nimwambie mama?" aliuliza. "Bila hivyo hatafungua mlango. Lakini siri ni yako."

Nikafikiria Bi Rasema, koti lake, sentensi yake iliyokatika. Alikuwa mkweli kwangu kuliko nilivyokuwa kwake.

"Hapana, nitakwenda mwenyewe. Leo hii, kabla giza halijaingia. Atanipokea nimesimama mlangoni, itanifaa. Na Munevera awepo."

"Munevera? Una wazimu?"

"Nikimwambia Munevera, mpaka kesho adhuhuri sina mtu wa kumficha tena. Nimechoka kuficha kuliko nilivyochoka kutembea."

Akavuta ubao mrefu kutoka ukutani, akaulaza juu ya meza ya kazi, akatoa kalamu nyuma ya sikio.

"Basi niambie. Viwili?"

Nilijifuta uso. Neno lilikuwa zito, lakini lilipita.

"Viwili. Lakini visiachane zaidi ya urefu wa mkono."

"Mkono wa nani? Wangu au wako?"

"Wangu. Wangu ndio mfupi."

Akachukua futi. Akanishika kiganja, akaunyoosha mkono wangu taratibu, akapima kutoka begani hadi ncha ya kidole cha kati, mara mbili, kama anavyopima kila kitu.

"Sentimita sitini na tatu," alisema, akaandika kwenye ubao. Akaitazama ile namba. Akaikata.

"Nitaweka hamsini," alisema. "Nisije nikanyoosha wangu nikakuta vidole vyako tu."